Fimbo Nyeupe ya Baba

Kwenye ukuta wa ngazi yetu, mjini Keighley, palikuwa na mstari wa weusi uliopanda kutoka sebuleni hadi vyumbani. Ni mkono wa baba yangu uliouchora, kupanda na kushuka kila siku. Nilikuwa nausugua kwa sabuni kila majira ya kuchipua, mpaka mwaka ule ilipokuja notisi ya kututoa. Tangu siku hiyo sikuugusa tena. Niliogopa hata kuufuta kwa bahati mbaya.

Baba, Clifford Sugden, alitia rangi sufu kiwandani miaka mingi, kisha sukari ikamla macho. Tulipohamia nyumba ile alikuwa amebakiwa na ukungu tu, na ukungu nao ukaondoka. Akaanza kuisoma nyumba kwa viganja. Aliumia magoti, akapasua paji la uso kwenye kabati, akavunja vikombe vya marehemu mama. Ilimchukua muda mrefu, lakini alipomaliza, ungekuja kwetu ukamkuta anajimiminia chai bila kumwaga tone, usingejua kwamba haoni. Fimbo yake nyeupe ilining'inia kwenye msumari kando ya mlango. Ilikuwa ya kutokea nje. Ndani hakuihitaji.

Mwenye nyumba wetu, Trevor Hainsworth, hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ningelala vizuri zaidi. Alikuja kila Ijumaa, akakaa kiti kile kile, akala keki yangu ya tangawizi na kumtania baba kuhusu timu yake ya ragbi inayofungwa kila wiki. Halafu bei za nyumba zikapanda, akataka kuuza, na notisi ikaingia kwenye tundu la barua mlangoni. Hakutaja sababu. Sheria ya wakati ule haikumtaka ataje.

Nilikimbilia ofisi ya ushauri karibu na soko. Bi Parveen Akhtar, mama wa miwani mikubwa aliyejitolea pale, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mlipoingia mlitoa amana, ile pesa ya kudhamini nyumba?"

"Tulitoa."

"Karatasi ya amana mlipewa?"

"Karatasi gani?"

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mwenye nyumba akishapokea amana ana wajibu wa kuiweka mahali panapolindwa, halafu ampe mpangaji maandishi: imewekwa wapi, atarudishiwaje, wakigombana amwendee nani. "Kuiweka peke yake haitoshi, dada. Lazima awaarifu. Kama hakuwaarifu, notisi yake haina meno."

Nilitaka kumkumbatia. Akaniwahi kwa kidole.

"Usishangilie bado. Akiwapa karatasi hiyo kesho, keshokutwa anaweza kuandika notisi nyingine. Unanunua muda tu. Pia mnaweza kumdai fidia."

Nilipomweleza baba, suala la fidia alilikataa papo hapo. "Sitaki hela za kijana wa watu. Nataka ngazi yangu." Kisha akazungusha kikombe. "Ila aliniambia, Denise."

"Alikuambia nini?"

"Kuhusu amana. Hapa hapa mezani, keki mdomoni. Akasema, 'Mzee Clifford, pesa yako nimeiweka salama, inalindwa kisheria.' Nikamshukuru."

Nilimjua baba. Alikuwa mtu wa kanisa dogo la mtaani, mtu aliyerudi dukani kwenye mvua kwa sababu muuzaji alimzidishia chenji.

"Baba, ukiulizwa, jibu kwa kifupi. Usiongeze neno."

"Nitajibu nitakachoulizwa."

"Msema kweli mpenzi wa Mungu, najua. Lakini Mungu hatupangishi nyumba."

Akacheka. Mimi sikucheka. Usiku ule na kila usiku uliofuata niliwaza baba yangu katika nyumba ngeni, akipapasa ukuta asioujua, akianza upofu wake upya.

Muda wa notisi ulipoisha hatukutoka, Trevor akatupeleka mahakamani. Chumba cha mahakama kule Bradford kilikuwa kidogo kama darasa. Hakimu, mwanamke wa makamo, alimgeukia baba kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi.

"Bwana Sugden, Bwana Hainsworth aliwahi kukuarifu kwamba amana yako inalindwa?"

Nilimshika baba mkono. Akautoa taratibu.

"Ndiyo, mheshimiwa. Aliniambia."

Nilimwona Trevor akishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamchukia baba, kwa muda wa kufumba na kufumbua.

"Alikupa maandishi?" hakimu akauliza.

"Hapana. Hayo hakunipa."

Trevor akasimama, uso umemwiva. "Mheshimiwa, mzee haoni. Ningempa karatasi aifanyie nini?"

"Angesomewa na binti yake," alisema hakimu. "Au angeitia kwenye droo na kuifungia. Hiyo ni juu yake. Wewe ulitakiwa kumpa tu, kama unavyompa mwenye macho."

Notisi ikatupiliwa mbali. Nje, kwenye ngazi za mahakama, Trevor alimshika baba bega. "Hakuna kinyongo, mzee?"

"Hakuna, kijana. Keki ipo."

Nilianza kuliogopa tundu la barua. Kila asubuhi kifuniko chake kikigonga, nilishuka ngazi nikiomba yawe matangazo ya mazulia. Ijumaa zikapita bila Trevor. Baba alisema labda ameghairi. Nikajilazimisha kuamini.

Kisha akaja. Hakutumia tundu, alibisha hodi, akaingia, akasimama mbele ya kiti cha baba bila kuvua koti.

"Safari hii karatasi ya amana nimekuletea mkononi, mzee. Kama inavyotakiwa."

Baba alipapasa pembe za ile karatasi, moja baada ya nyingine. "Asante, Trevor. Umefanya vizuri." Mlango ulipofungwa akaninyooshea. "Nisomee, mwanangu. Yote."

Nikasoma. Amana imewekwa wapi. Atarudishiwaje. Wakigombana amwendee nani. Kila neno liliandikwa kwa ajili ya kutulinda, na kila neno lilifungulia njia notisi nyingine.

Nilipomaliza, baba aliichukua ile karatasi, akaikunja. Halafu akainuka, akaenda mlangoni, akaitungua fimbo kwenye msumari. Nilidhani anataka kutoka, nikamfuata na koti lake. Lakini aligeuka, akaanza kutembea nayo ndani, kutoka sebuleni kwenda jikoni, akigonga meza, akigonga kabati, akigonga kiti chake mwenyewe.

"Koti la nini?" akasema. "Nafanya mazoezi tu."