Laptopu ya Macho ya Ritha

Mimi sijawahi kupigwa. Muulize yeyote pale mashineni Ifakara, kuanzia wabeba magunia mpaka wenye mashine, atakwambia Bibiana haibiwi. Nanunua mpunga mwaka wa kumi na tisa huu. Nachoma bambo kwenye gunia, namwaga punje kiganjani, natafuna mbili, nakwambia umevunwa lini na umelala wapi. Na kanuni yangu ni moja tu: muuzaji asijue una shida. Gunia unalolitaka lipite kama hulioni. Lisifie la jirani. Lile lako litie kasoro, mara lina unyevu, mara litatoa chenga tupu, halafu ondoka zako. Ukifika mlangoni utaitwa. Lakini akishajua una shida, umekwisha. Bei inapanda huku unaitazama.

Nayasema haya mapema usije ukanidhania mjinga. Nilichokifanya kwenye laptopu ya mwanangu hakikufanywa na mjinga. Kilifanywa na mjanja, na ndiyo maana kinaniuma.

Mwanangu anaitwa Ritha, ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Kazaliwa na kovu nyuma ya macho yote mawili. Si kwamba haoni kabisa, la. Anaona watu, anaona kuku, anajua chungu kipi kinachemka. Ila ubao wa darasani kwake ni ukuta tu, na kitabu anakisoma pua ikigusa karatasi, herufi moja moja, mpaka kichwa kinamgonga. Daktari wa macho aliniambia, "Mama, miwani imefika mwisho wake. Huyu anahitaji herufi kubwa." Mwalimu wake, Mwalimu Edna, binti mdogo lakini kichwa kimetulia, ndiye aliyetaja laptopu. Unaingiza vitabu kwa flashi, unakuza herufi mpaka zinakuwa nene kama kidole gumba, mtoto anasoma. Akaenda kumbembeleza mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akakubali: mtihani wa mwisho wa mwaka Ritha aufanyie kwenye laptopu. Asipouweza, arudie darasa.

Na la nne alisharudia. Jioni nilipompa habari hiyo aliniambia taratibu tu, huku anapembua mchele kwa vidole, "Mama, nikirudia tena, mimi shule basi." Mtoto wa miaka kumi na moja akikwambia basi kwa sauti ya mtu mzima, unaogopa.

Zilibaki wiki tatu. Baba yake, Tadei, yuko Mngeta, anafanya kazi kwenye lile shamba kubwa la mpunga. Akatuma alichokuwa nacho, na ujumbe juu yake: "Mama Ritha, angalia usipigwe." Ebo! Mimi? Nipigwe na nani?

Jumamosi tukapanda bajaji kwenda mjini, mimi na Ritha. Njiani nikampa somo. "Sikiliza. Tukifika humo dukani usiseme neno. Usiguse kitu. Na huo uso wako usiusogeze kwenye kioo, unanisikia? Simama wima kama umekuja kunisindikiza tu. Huyo muuzaji akikuona unavyosogeza pua, atajua tuna shida, atatukamua."

"Sasa nitajuaje kama naona?"

"Mimi nitajua."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Duka liko nyuma ya soko, la kijana mmoja anaitwa Fulgensi, anauza simu na laptopu zilizotumika kutoka Dar. Alituamkia vizuri, "Shikamoo mama," akafuta kaunta kwa kiganja. Juu yake kulikuwa na mbili: moja ya kijivu yenye mfuniko uliochubuka, na moja ndogo, nyembamba, inang'aa kama sufuria mpya. Akauliza, "Ni ya nani, mama? Na ni ya kazi gani, nikuchagulie?"

Nikapiga mwayo. Kabisa, nikapiga mwayo. "Ya mtoto kuchezea tu. Hata nisipoipata leo si kitu."

"Kama ni ya kuchezea, hii ndogo inakutosha. Nyepesi, haina makuu."

Usidhani nilinunua kichwa kichwa. Niliinyanyua, nikainusa kama ina harufu ya kuungua, nikamwambia chomoa waya tuone betri inakaa au inazimika. Ikakaa. Nikamwambia fungua hiki, funga kile. Nikapekua pembe zote kama zina ufa. Fulgensi akacheka, "Mama, wewe ni mkaguzi wa serikali?" Nami nilijisikia vizuri, nisikufiche.

Ritha akanivuta khanga. Mara ya kwanza nikajifanya sikuhisi. Akavuta tena.

"We! Tulia."

Akatulia. Alisimama wima palepale nilipomweka, mikono nyuma, uso mbali na kioo, kama nilivyomfundisha. Mtoto mtiifu, nikasema moyoni. Nikaiponda ile ndogo mpaka nikaishiwa maneno, nikaondoka, nikafika mlangoni, nikaitwa. Bei aliyoishia hata yeye mwenyewe ilimshangaza. Nikatoka mle kifua mbele, nikamnunulia mwanangu chipsi.

Mwalimu Edna akaja nyumbani akaingiza vitabu vyote, flashi akatuachia, akatuonesha pa kukuzia herufi. Kimashine kilikuwa kizito kuelewa. Ukikuza, kinaganda kidogo, halafu herufi zinakuja na ukungu ukungu. Nikamuuliza Ritha, "Unaona?" Akajibu, "Naona, mama." Mwalimu Edna akamtazama, akauliza tena. "Naona, mwalimu." Basi. Nani abishane na mwenye macho yake?

Na kweli alisoma. Kila akitoka shule anakaa mlangoni na laptopu mapajani, anasoma kwa sauti, sayansi, maarifa ya jamii, mistari inateremka bila kukwama. Nilikuwa naacha kupika namsikiliza. Nikampigia Tadei nikaiweka simu karibu asikie mwenyewe. Kule Mngeta nikamsikia baba wa watu anapenga kamasi. Majirani nao nikawatangazia, na bei nikawatajia, maana kujisifu ni ugonjwa wangu.

Siku ya tisa nilikuwa nyuma ya mlango nachukua kuni. Ritha yuko palepale, anasoma: "Mmea unahitaji maji, hewa na mwanga ili utengeneze chakula chake. Majani ndiyo jiko la mmea." Nikainama juu ya bega lake nione hilo jani lililochorwa.

Kioo kilikuwa cheusi. Laptopu ilishajizima yenyewe, imelala kama zinavyolala zisipoguswa. Kwenye ule weusi unaometameta ulionekana mlango wetu, na khanga yangu, na kuku. Na Ritha anaendelea: "Mizizi hufyonza maji kutoka ardhini."

Yesu na Maria.

Nikaziweka kuni chini polepole. "Ritha, hayo unayasoma wapi?"

"Hapa."

"Hapa pamezimika, mwanangu."

Kidole chake kikatafuta kitufe, kikabonyeza, kioo kikawaka, lakini mambo yalikuwa yameshaharibika na wote tulijua.

"Agnetha ananisomea shuleni wakati wa mapumziko," akasema. Agnetha ni mwenzake wa dawati. "Akinisomea mara mbili nashika."

"Huoni kitu humo?"

"Naona mwanga."

"Tangu lini?"

"Tangu dukani."

"Sasa kwa nini hukusema, Ritha? Mwalimu kakuuliza, mimi nimekuuliza, umesema naona, naona!"

Akainua uso, akanitafuta kwa yale macho yake. "Ulisema tusioneshe kama tuna shida."

Nilitaka nimchape. Nakwambia kweli, mkono ulishanyanyuka. Halafu sikuona wa kumchapa zaidi ya mimi mwenyewe. Siku tisa mtoto anabeba vitabu vizima kichwani ili mama yake asiaibike na ujanja wake! Na mtihani wenyewe ni maswali mapya. Hakuna Agnetha wa kukusomea mtihani. Nikahesabu siku zilizobaki kwa vidole, nikarudia kuzihesabu.

Kesho yake sikwenda mashineni. Nilikuwa mlangoni kwa Fulgensi kabla hajamaliza kufungua makufuli, Ritha mkono huu, laptopu mkono huu. Na unajua nilianza vipi? Nilianza na vita. Mazoea hayana dawa.

"Kijana, umeniuzia ubovu!"

"Ubovu upi tena, mama?" Akaichomeka, akaiwasha, ikawaka. Akafungua hiki, akafunga kile, kama siku ile. "Haina tatizo. Na ulisema mwenyewe ni ya kuchezea."

Wanaume wawili waliokuja kutengeneza simu wakasogea kuangalia. Ifakara hatunyimani ugomvi. Mmoja akasema, "Mama, si ndiye wewe uliyemkamua huyu dogo mpaka akakonda?" Wakacheka. Nikafungua mdomo niwajibu, maana maneno ninayo, ya kuwatosha wote wawili na masalia nikaondoka nayo. Ritha alikuwa amesimama wima pembeni yangu. Mikono nyuma. Uso mbali na kaunta.

Nikamwona hivyo, maneno yote yakaniishia.

"Mwanangu haoni," nikasema. "Laptopu ni ya kwake. Ni ya kusomea, si ya kuchezea. Ana mtihani Jumatatu ya wiki ijayo, akishindwa anaacha shule. Nilikudanganya."

Nilijisikia kama nimevuliwa nguo sokoni.

Fulgensi hakucheka. Alitikisa kichwa tu. "Mficha uchi hazai, mama. Ungesema siku ile." Akafungua kijilango cha kaunta. "Njoo mdogo wangu. Pita huku. Sogea unavyosogea kawaida yako."

Ritha akanigeukia. Nikamwambia sogea.

Ile ya kijivu ikashindikana. Akikaribia, mwanga unamchoma, anafumba macho. Fulgensi akawasha nyingine mbili alizokuwa nazo kwenye kabati. Moja, "Naona kidogo." Kidogo gani? "Kidogo." Ya pili, hakuna kitu. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na jua lenyewe halijapanda. Fulgensi akakuna kichwa, akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko mpaka nikadhani ametukimbia. Akarudi na dude. Pana kama sinia, jeusi, zito, moja ya zile za maofisini zamani, vitufe viwili havina herufi. "Hii haina mnunuzi," akasema, "nilitaka niichinje nitoe vipuri." Akaifuta vumbi kwa fulana yake, akaiwasha, akachomeka flashi ya Mwalimu Edna niliyokuja nayo. Akapunguza mwanga, akageuza kurasa zikawa nyeusi na maandishi meupe, akakuza herufi, akakuza tena.

Ritha akainama, pua kwenye kioo. Kisha akarudi nyuma kidogo. Kisha akarudi nyuma tena, mpaka kukawa na nafasi ya kupitisha mkono kati ya uso wake na kioo. Sijapata kumwona anaangalia kitu kwa umbali ule. Midomo yake ikaanza kucheza, bila sauti. Nikachungulia, ilikuwa sura ya mwisho ya kitabu, ambayo Agnetha hakuwa ameifikia.

Nikasubiri aseme.

Akanyooka. Akakunja uso. "Hii nayo mbaya," akasema kwa sauti kubwa. "Imechakaa. Halafu nzito. Mama, twende zetu." Na akatoka kwenye kaunta, akaanza kuelekea mlangoni, mabega juu, haangalii nyuma, hatua zangu zilezile ninazotembea pale mashineni.

Fulgensi akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuizima.

"Usiizime!" Nilipiga kelele mpaka wale wanaume wakashtuka. "Usimsikilize, Fulgensi. Ameiona. Ni hii hii. Tunaitaka, tuna shida nayo kuliko unavyojua. Taja bei yako."

Akanitazama. Akataja, na ile ndogo nimrudishie. Ilikuwa kubwa. Ilikuwa mpunga wangu niliouweka nisubiri bei ya mwezi wa pili. Nikasema sawa, nauuza, mchana nakuletea pesa.

Ritha alirudi mbio kutoka mlangoni, akanishika khanga, akaninong'oneza kwa hasira, machozi yanamlengalenga:

"Mama! Mbona umemwambia?"

"Ndiyo," nikasema. "Nimemwambia. Nenda kamalizie kusoma."