Hotipoti ya Maini

Mama mmoja alikuwa na mwanawe fundi cherehani, na huyo mwana alikuwa na kidole. Kidole gumba cha mguu wa kulia. Msicheke, maana kidole hicho nusura kivunje nyumba ya watu.

Kilianza alfajiri moja. Fundi alilala mzima, akaamka kidole kimevimba, kimeiva kama nyanya, na shuka likikigusa tu anapiga yowe. Mtu mzima, baba wa watoto, analizwa na shuka! Na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Sare za shule zikabaki zimekatwa lakini hazijaungwa, wateja wakaanza kuvuka barabara kwa fundi mwingine.

Hospitali walimpima damu, wakasema ni jongo, ule ugonjwa ambao wengine huuita gauti. Habari ikatoka nje, na mtaani wakapata la kusema.

"Si ndio ugonjwa wa wakubwa huo?" alisema muuza mkaa, domo lake halina kufuli. "Wa wala nyama na wanywa bia! Karibu Mheshimiwa! Na sisi wapiga kura wako utatukumbuka lini?"

Jina la Mheshimiwa likamganda fundi wa watu, ambaye bia hata harufu yake haijui.

Mama yake alikaa mtaa wa pili. Maneno yale yalimchoma, akaenda kumwona mwanawe. Akakuta chakula kimeandaliwa: wali, mboga za majani, maziwa, na jagi la maji.

"Nyama iko wapi?" akamuuliza mkwewe, mke wa fundi.

"Mama, daktari amesema tupunguze nyama. Maini na figo tuache kabisa. Na maji anywe kwa wingi."

"Mwanamume anakanyaga cherehani kutwa nzima, unamlisha majani kama mbuzi?"

"Ndivyo tulivyoelekezwa, mama."

Mkwe alisema kwa upole, lakini mama aliusikia upole ule kama kiburi. Akatoka amekata shauri: huyu binti ni mkono wa birika, amepata kisingizio cha daktari. Na hakulifungia hilo moyoni. Alilimwaga kisimani, akalimwaga kwa muuza mkaa, akalimwaga kila alipoulizwa hali ya mgonjwa.

Basi akaanza kupika maini. Anayakaanga kwake, anayatia kwenye hotipoti yasipoe, anaiweka hotipoti ndani ya kikapu na kuifunika kwa kitambaa, aonekane anapeleka nguo kushonwa. Anakwenda moja kwa moja kibandani kwa fundi.

"Kula baba, upate damu. Mguu utapata wapi nguvu?"

"Mama, nimekatazwa."

"Nani kakukataza? Aliyekuzaa ni mimi au daktari?"

Fundi akawa anakula. Kumkatalia mama chakula kulimshinda kuliko kushona koti.

Siku moja alimkuta anameza kidonge, na mguu umetulia, hauumi hata kidogo.

"Kinakuuma?"

"Hakiumi. Hiki ni cha kila siku, kinashusha asidi kwenye damu."

"Mtu haumwi, anakunywa dawa? Ndio mambo ya kumaliza figo hayo! Ziweke. Utakunywa kikianza."

Akaziweka.

Kidole kikarudi, na safari hii kikaja na kifundo cha mguu. Mama akaongeza maini. Kikatulia, kikarudi tena. Akaongeza tena, huku akimlaumu mkwe kwa kumdhoofisha mtoto wa watu. Mapenzi yake yote yalikuwa mle ndani ya hotipoti.

Asubuhi ambayo fundi alishindwa kabisa kukanyaga chini, mkwe alimbeba kwapa hili na mama kwapa lile, wakaingia naye hospitali. Mama alikutwa njiani akienda kibandani, kwa hiyo kikapu alikuwa nacho. Chumba cha daktari kilikuwa chembamba, meza, mzani na viti vya kubanana. Mama akakaa, kikapu mapajani.

Daktari aliangalia majibu ya damu akakunja uso. "Mara ya kwanza asidi ilishuka vizuri. Sasa imepanda kuliko tulikoanzia. Vidonge anakunywa?"

"Anakunywa, daktari," alisema mkwe. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mkono begani kwake. "Kila asubuhi namwekea mezani. Na maini hayaingii nyumbani kwangu."

"Basi kuna bia."

Fundi alimtazama mama yake mara moja, kisha akatazama sakafu.

"Ni kweli, daktari. Nakunywa kule kibandani. Na vidonge nilikuwa natupa."

Mkwe aliganda. "Unakunywa? Wewe?"

"Nilikosea."

"Watu wanakuita Mheshimiwa, nagombana nao. Nimewaapia mume wangu hanywi! Kumbe mtaa mzima unajua, mjinga ni mimi?" Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Tukishakufikisha nyumbani, mimi nachukua watoto naenda kwetu."

Mama alikikumbatia kikapu. Hotipoti ilikuwa inamchoma mapaja. Alijiambia watapatana tu, wanandoa hawakosi maneno. Atamwambiaje ukweli binti aliyemtangaza mchoyo kila kona? Uso atauweka wapi? Kisha akaona mkono wa mkwe unaondoka begani kwa mwanawe, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kisicho chake.

Akafunua kikapu, akaiweka hotipoti juu ya meza, akafungua. Harufu ya kitunguu ikajaa chumba kizima.

"Daktari, bia yenyewe ni hii."

"Nini hiki, mama?"

"Maini."

"Ya nani?"

"Ya ng'ombe, daktari."

Daktari alibanwa na kicheko, akakigeuza kikohozi. Mama hakuona cha kuchekesha. Alitamani ardhi ipasuke.

"Nampelekea mimi, kwa kificho. Na vidonge mimi ndiye niliyemwachisha. Pombe hajawahi kuionja. Amesema uongo ili anisitiri."

Daktari angemfokea, ingekuwa nafuu. Lakini aliongea naye polepole kama mtu anayemfunga mtoto kidonda. "Maini peke yake hayakuleta ugonjwa huu, mama. Wapo wanaokula nyama maisha yao yote wasiumwe. Mwanao mwili wake hautoi vizuri asidi fulani kwenye mkojo. Ikizidi inaganda ndani ya kiungo, inakuwa na ncha kama sindano. Maini yanaiongeza, bia na soda pia. Kidonge kinaishusha, ndiyo maana anakunywa hata siku asiyoumwa. Na ukiwa na shaka na dawa, njoo uniulize. Mara nyingi hali hii hutembea kwenye ukoo. Baba yake je?"

Mama alimkumbuka marehemu mumewe, asubuhi zile alizochechemea kwenda kazini, na yeye akisimama mlangoni kupayuka majirani wasikie kwamba ni pombe ya jana.

"Alikuwa anachechemea," alisema.

Walipotoka, mkwe aliifunika hotipoti akamrudishia. "Ulisema mimi mchoyo. Wote wameniletea maneno hayo."

"Nilisema, mwanangu."

"Haya. Shika upande wako."

Wakamkokota. Walipokaribia mtaani, muuza mkaa aliinuka kwenye magunia yake.

"Mheshimiwa! Leo una walinzi wawili!"

Watu wakacheka. Mkwe alitazama mbele, shingo imekakamaa. Mama akasimama, na akisimama yeye wote walilazimika kusimama.

"Sikiliza wewe, na mwite na mkeo. Mwanangu hanywi. Mkwe wangu si mchoyo, alikuwa anamtunza kama alivyoagizwa. Anayemtia maradhi ni mimi, kwa maini, na dawa nilimzuia mimi. Niliyoyasema hapa juu ya huyu binti yalikuwa uongo."

Muuza mkaa alijikuna kipara, akakiacha cheusi. "Na maini yenyewe je, mama?"

"Yamo humu. Chukua."

Hakuna aliyecheka tena. Mama alingoja neno kutoka kwa mkwe, lolote. Jasho lilimtiririka usoni na mkono wa kulifuta hakuwa nao.

"Mama, shika vizuri," alisema mkwe. "Anateleza."