Kilio cha Sisenye

Zilpa alikuwa na jambo moja tu moyoni asubuhi ile: amkute babake angali hai. Mzee Wesonga alikuwa amelemewa, na ujumbe uliomfikia Osieko, alikoolewa, ulisema hamtaji mtu mwingine ila yeye. Barabara nayo ilikuwa imemezwa na mafuriko, boda hata wa kubembelezwa hakuna. Basi akamwomba Amollo, mdogo wa mumewe, ampeleke kwao Sisenye kwa mashua ya tanga.

Amollo si mtu wa maneno. Alitweka tanga, akaushika upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, wakaambaa na ufuo wakiyapita mafunjo. Safari yenyewe fupi, na lau upepo ungeendelea vile, Zilpa angekunywa chai kwao. Lakini ziwa lina mambo yake, jamani. Walipokaribia Sisenye, hata paa la kwao akaliona, upepo ukafa. Amollo akasema wangoje kidogo, upepo wa ziwa utawasukuma hadi ufuoni kama kila siku.

Haukuja. Wingu jeusi lilikuwa limejaa juu ya vilima vya Samia, na upepo ukatoka hukohuko, wa baridi, ukawapiga usoni. Ukaja na kilio cha wanawake. Kilio cha msiba hakikosewi.

Zilpa akajishika kichwa. Baba ameenda! Akalia mpaka mashua ikayumba, halafu, masikini, akakumbuka desturi. Kwao binti aliyeolewa haendi matanga ya babake mikono mitupu, peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Huja na mumewe na watu wa mumewe, na mnyama wa kuchinja. Akija vinginevyo atasemwa maisha yake yote. Akajaribu kumpigia mamake. Simu ikashika mtandao wa Uganda, kama kawaida yake huko mpakani, ikakataa kutoka.

Akamwambia Amollo ageuze.

"Shemeji, hicho kilio hakijataja mtu," Amollo akasema. "Tupige kasia, tufike kwanza."

"Mimi najua kwetu. Geuza."

Kupiga kasia kuukabili upepo ule ilikuwa kazi ya punda. Kurudi ilikuwa kuachilia tanga tu. Amollo akageuza. Upepo ukawafikisha Osieko upesi, yaani upesi wa kuudhi.

Kesho yake wakaja inavyotakiwa: mume, shemeji, mashangazi wawili, na mbuzi. Zilpa alianza kuomboleza wakiwa bado majini. Mamake alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba, na hakuinuka kumpokea.

Akawaacha wageni watulie kwanza. Ndipo akamweleza bintiye kwamba kilio cha jana kilikuwa cha jirani, aliyefiwa na mtoto. Mzee alikuwa ameaga dunia jioni ya siku hiyo hiyo.

Zilpa akaketi chini, pale pale penye vumbi.

"Tulikuwa tumemtoa nje, tukamwegemeza ukutani," mama akasema. "Tuliona tanga, tukamwambia mtoto wako huyo anakuja. Akacheka, Zilpa. Akakataa uji, akasema utamnywesha wewe. Halafu tanga likageuka, naye analitazama. Akaniuliza, 'Mbona anarudi?'"