Namba ya Kwenye Kibati

Mwalimu alianza kuigawa namba ile wiki ya pili ya kusafishwa damu, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama. Ilikuwa imegongwa kwenye kibati ubavuni mwa mashine: 79245433. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na sindano mbili, haukutakiwa kutikisika kwa saa nne. Wa kulia ulikuwa huru, na daftari lilikuwa mapajani.

Tatu ilikataa. Saba ilibakiza moja.

"Unaandika wosia?" aliuliza dereva wa lori aliyekaa kiti cha jirani.

"Natafuta kama hii namba ni tasa. Yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Dereva akaikodolea macho. "Jitu lote hili? Haliwezi kukosa wa kuligawa."

Neno tasa Mwalimu alilifundisha miaka thelathini bila kupepesa jicho, ingawa ndilo wakwe zake walilolitumia kumrudisha kwao. Akamweleza Dereva: vigawo huenda viwili viwili, na kilicho kidogo hakiwezi kuzidi elfu nane mia tisa na moja. Wakijaribu namba tasa zote mpaka hapo bila kupata, basi hakipo. Zilikuwa kama elfu moja na mia moja.

Wakaanza. Siku tatu kwa wiki, namba sita kwa siku. Sindano za Dereva zilikuwa mkono wa kulia, kwa hiyo yeye alizidisha kwa mdomo, Mwalimu akaandika. Dereva alitaka ivunjike, na hakuficha. Mwalimu hakusema alichotaka.

Mwaka haujaisha, mdogo wake Dereva akamtolea figo. Kiti chake kikapata mzee mmoja mpenda usingizi. Mwalimu akaendelea peke yake, namba mbili au tatu kwa siku. 7907 ilibakiza 1479. Iliyofuata, 7919, ilikuwa ya elfu moja kwenye orodha yake. Haikubakiza kitu.

Akarudia. Akazidisha kinyume. Muuguzi alipokuja kumpima presha akaikuta imepanda.

"Kuna nini, Mama?"

"Si tasa."

"Jamani, hongera! Ni binti yako?"

Mwalimu akacheka mpaka muuguzi akamshika mkono wenye sindano usicheze. Alipotulia, hakujua kama alichonacho ni furaha au ni upweke. Akampigia Dereva.

"Imevunjika. Elfu saba mia tisa kumi na tisa, mara elfu kumi na saba."

"Haiwezekani. Hiyo inapita milioni mia."

"Elfu kumi. Halafu saba."

"Aa." Dereva akaanza kunong'ona. "Milioni sabini na tisa, laki moja na tisini elfu... ongeza elfu hamsini na tano, mia nne thelathini na tatu..." Akapumua. "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Sasa saa nne hizo utazifanyia nini?"

"Nitalala kama wenzangu."

"Wewe? Huwezi."

Siku iliyofuata alilala. Muuguzi alisema alikoroma, ila si sana.