Mia na Ishirini kwa Themanini

"Hii ni familia ya ajabu," alisema Babu, miwani ikiwa imemshuka hadi ncha ya pua. "Bibi yako, mia na ishirini kwa themanini. Mjomba wako, ambaye hapandi ngazi tatu bila kuhema, mia na ishirini kwa themanini. Jirani yetu fundi viatu, vivyo hivyo. Kwani tulitengenezwa kiwanda kimoja?"

Daftari alilolishika mzee lilikuwa la mjukuu wake wa kike. Kwa wiki sita alikuwa amemfunga mkanda wa presha kila aliyekubali kukunja mkono wa shati katika nyumba ile, akijiandaa kuomba nafasi katika chuo cha matabibu wasaidizi. Fomu ilikuwa imekamilika, isipokuwa kisanduku kimoja: tabibu wa hospitali athibitishe kwa sahihi yake kwamba mwombaji anapima kwa usahihi. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri.

"Wote wako karibu na hapo, Babu."

"Sikuuliza karibu. Nimeuliza kipimo."

Babu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Nukta, kwa kuwa nukta moja ikikosekana alilifuta jibu zima. Mbele ya mtu wa namna hiyo, binti alijikuta akisema kweli. Wodini, katika hospitali hiyo hiyo, alikuwa amehudumu kwa miaka tisa: vitanda arobaini, kifaa kimoja, na karatasi zilizotakiwa kujazwa kabla daktari hajapita. Wagonjwa walimwita Mbio. Aliyeonekana mgonjwa alimpima. Aliyeonekana mzima alimwandikia namba ile. Mkono ulikuwa umezoea kuandika kabla sikio halijasikia.

"Ilikuwa haraka tu, Babu."

"Darasani kwangu," alisema mzee taratibu, "hilo tuliliita kunakili."

"Mwache mjukuu wangu anywe chai!" Bibi aliingilia kutoka jikoni. "Na wewe mbona hujapimwa hata siku moja? Mwanamume mzima anaogopa kitambaa!"

"Siumwi. Sina sababu ya kupimwa."

Binti aliweka kikombe chini. Akamketisha Bibi, akamfunga mkanda, akaminya kipira, kisha akaiachia hewa itoke polepole mno, macho yake yakiwa kwenye mshale. Safari hii alisikiliza kwa kifaa cha masikioni: pigo la kwanza, mengine yakifuatana, hadi la mwisho lilipofifia.

"Mia na arobaini na nane kwa tisini na mbili."

"Wacha uongo! Juzi nilikuwa mzima!"

"Juzi sikukupima, Bibi. Nisamehe. Kesho tutarudia, na keshokutwa."

Bibi alikitazama kikopo cha chumvi kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsengenya. Kisha akacheka hadi mabega yakatikisika. "Basi sasa umekuwa daktari. Wengine wote walikuwa wananibembeleza."

Saa tisa na nusu alasiri binti alisimama mbele ya meza ya tabibu, mtu mpana, mzito wa maneno, ambaye wiki hiyo alikuwa amewarudisha waombaji wawili bila sahihi. Tabibu aliisoma fomu mwanzo hadi mwisho. Badala ya kumwita mgonjwa, alikunja mkono wa koti lake jeupe akaulaza mezani.

"Nipime mimi."

Ukutani nyuma yake ilining'inia karatasi ya afya ya wafanyakazi, ambayo wahudumu huijaza kila mwezi. Binti aliiona. Kwenye mstari wa tabibu, mwezi uliopita, paliandikwa mia na ishirini kwa themanini. Mwandiko ulikuwa wa binti mwenyewe.

Alifunga mkanda. Akasikiliza. Akarudia mara ya pili, kwa maana masikio yalikataa kuamini.

"Mia na hamsini na nane kwa tisini na sita, Daktari."

"Mwezi uliopita uliniandikia vingine."

Angeweza kusema kwamba presha hupanda na kushuka. Ni kweli, na ingemtosha.

"Mwezi uliopita sikukupima. Nilinakili."

Tabibu aliushusha mkono wa koti akafunga kifungo bila haraka.

"Najua," alisema. "Siku ile nilijipima mwenyewe, na dawa ninakunywa tangu hapo. Nilikuwa nangoja kuona utanipima lini." Akavuta fomu, akatia sahihi, akagonga muhuri kwa kishindo. "Rudi wodini Jumatatu, tutaanza karatasi upya, kitanda kwa kitanda. Ila leo, Mbio, kimbia!"

Alikimbia. Karani wa chuo alikuwa ameshainuka kufunga dirisha. Akaketi tena, akapokea bahasha, akampa stakabadhi.

Nyumbani vicheko vya Bibi vilisikika hadi barabarani. Babu alikuwa sebuleni, amevaa koti na tai kana kwamba anakwenda kusimamia mtihani. Aliisoma stakabadhi pande zote mbili, tarehe na saa, hakuona kosa. Akaikunja vizuri, akaitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo.

Kisha alivua koti. Akafungua kifungo cha mkono, akakunja shati mara moja, mara mbili, hadi juu ya kiwiko, akaulaza mkono wake mwembamba juu ya meza.

"Usiharakishe," alisema.

Bibi alizima redio. Mkanda ukajaa, mshale ukapanda, na mjukuu akainamisha kichwa kusikiliza.