Nani Aliyesema Hamsini?

Mimi Susan nina hasira za karibu, sikatai. Wiki ile, pale ofisi ya msaada Garsen, mwaka wa tisini na nane baada ya mafuriko, zilizidi. Kila ikifika saa tano kompyuta ilipiga kelele, ikaonyesha "joto hamsini, kikomo hamsini," ikajizima. Na mimi ndiye niliyepewa kuingiza majina ya waliopoteza kila kitu. Jina lisiloingia kabla ya gari la kuchukua orodha kuondoka Alhamisi saa nane, mwenyewe hapati chakula mpaka mwezi ujao.

Nikawalaumu watu. "Tokeni mlangoni, mnanizibia upepo!" Niliizungushia mashine magunia yaliyoloweshwa, wapi! Jumatatu nikawarudisha watu makwao, Jumanne vilevile, Jumatano vilevile.

Alhamisi saa sita, Jatani, mfugaji wa Kiorma niliyekuwa nimemrudisha mara mbili, akakaa kwenye benchi na kukataa kuondoka.

"Mzee, mashine ina homa. Imefika hamsini."

"Nani aliyesema hamsini ni nyingi? Mashine au mchungaji wake?"

"Ala! Mashine nayo ina mchungaji?"

"Sisi mchungaji akisema ng'ombe hawezi kwenda tena, tunamshika ng'ombe sikio kwanza. Pengine aliyechoka ni mchungaji."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini neno lile lilinikaa. Kweli, mwenye kusema si prosesa yenyewe, ule ubongo wa kompyuta. Ni kiprogramu kidogo, mafundi wanakiita draiva, kinachopeleka namba mbili: joto la sasa na kikomo chake. Mashine ilikuwa imepoa kidogo; nikaiwasha, nikafungua ukurasa wa draiva, ambao tangu nilipokiweka kwa mkono wangu sikuwahi kuutazama. Kumbe! Joto kilikuwa kimelipima sawasawa. Kikomo kilikuwa cha kukisia: "prosesa haikutambuliwa, hamsini imetumika." Nikachimbua kitabu cha mashine ndani ya katoni. Sabini! Nikaandika sabini.

Ikapita hamsini. Ikafika hamsini na sita, ikatulia hapo, inachapa kazi tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku tatu nimewasumbua watu wenye njaa kwa namba ya kubahatisha.

"Nisamehe, mzee. Kosa ni langu."

"Andika, binti yangu."

Niliandika bila kuinua kichwa. Gari lilipoanza kupiga honi, nikaishika fomu ya Jatani ya Jumatatu.

"Watu kumi na moja," nikasoma.

"Kumi."

"Hapa ni kumi na moja."

"Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mama yangu tumemzika jana."

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, nikiacha kumi na moja hakuna atakayejua. Mtapata unga zaidi."

Akatikisa kichwa. "Tuko kumi. Andika kumi."

Nikaandika kumi. Mwenye gari alipoingia kuchukua disketi yenye majina alinikuta nalia kwa sauti, mbele ya watu wote.