Pete ya Pingili Moja

Kwangu mteja havai dhahabu kabla hajavaa shaba. Ndiyo sheria ya duka hili tangu enzi za marehemu baba, aliyenirithisha meza, koleo na ukali wake. Ukitaka pete ya ndoa nakupima kidole, nakufulia pete ya shaba ya umbo lile lile ulilochagua, unakwenda nayo siku saba. Ukipika unayo, ukifua unayo, ukilala unayo. Siku ya nane unarudi kuniambia kama bado unaipenda. Wengi hurudi wamenywea. Lile ua kubwa waliloliona kwenye simu limenasa nyuzi za sweta na kumkwaruza mtoto wa dada yao, sasa wanataka kitu cha kawaida. Siwacheki. Haya, nawacheka kidogo.

Wale watatu waliingia Jumanne mchana: binti mwoka mikate, mchumba wake seremala, na shangazi yake binti, ambaye alitutangazia kwamba amekuja kuhakikisha hakuna anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Bajeti yao walikuwa wameiandika kwenye kipande cha mfuko wa unga. Niliisoma nikaona inatosha gramu sita, tena tukibanana. Nikawaambia hivyo hivyo, maana mimi simung'unyi maneno.

Shangazi akaamua papo hapo. Gramu zote sita ziende kwa binti, na jiwe juu, wakwe wapate cha kutazama. Alimshika binti mkono akaunyanyua mbele ya macho yangu.

"Chanda chema huvikwa pete," akasema.

Binti hakutaka jiwe. Alinieleza kwamba anakanda unga tangu alfajiri, na unga huingia kila penye upenyo, hata usipopaona. Alitaka pete laini isiyo na nakshi, na ya mwenzake ifanane nayo. Nilimpenda hapo hapo. Katika miaka thelathini ya kazi hii, wateja wanaochagua pete huku wakiikumbuka kazi ya mikono yao nawahesabu, na sijafika mbali.

Seremala muda wote alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono wa kushoto mfukoni. Akasema yeye pete haihitaji. Fedha zenyewe hazitoshi, dhahabu yote ifanywe ya binti. Aliyasema kwa upole, lakini uso wa binti ulibadilika. Akanieleza, akijifanya anatania, kwamba hiyo ni mara ya nne kuyasikia maneno hayo. Kisha akamgeukia mwenzake, na utani ukaisha.

"Kama hutaki watu wajue umeoa, niambie leo. Nisije nikaambiwa baada ya harusi."

Seremala alitazama sakafu. Hapo ndipo nilipofanya kosa. Mimi kusuasua sikuwezi, nikachukua shada la pete za kupimia vidole nikamwambia alete mkono, tupime, ya fedha tutayaona baadaye. Akaleta wa kulia. Walikuwa wameshaniambia watavaa kushoto, kwa hiyo nikamwambia, tena kwa ukali, wa kushoto. Akautoa mfukoni taratibu akauweka juu ya meza. Kidole cha pete kilikuwa kimebaki pingili moja, ncha yake imekunjamana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba.

Niliona haya. Nikaanza kutafuta maneno ya kuponya: naweza kumtengenezea mkufu, pete aivae shingoni, au basi aivae kulia, wapo wanaovaa kulia. Yalikuwa maneno mazuri, na yote ya kipumbavu.

"Nikivaa kulia wataniuliza," seremala akasema. "Nikivaa kushoto hawataniuliza, wataona. Siku hiyo watu wote watakuwa wanatazama kidole tu. Sitaki akivishe kigutu mbele ya watu, halafu pete idondoke."

Shangazi alikohoa, akaanza kuchunguza dari langu. Binti akavuta kiti akakaa.

"Kumbe ni hilo," akasema. Sijui kama alikuwa anataka kulia au kumpiga.

Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akanisimulia mimi, ingawa maneno hayakuwa yangu. Miaka miwili iliyopita aliagiza meza ya kukandia unga. Msumeno ulimteleza huyu seremala akikata mguu wa mwisho. Baada ya wiki tatu alikuja mwenyewe na bandeji yake kuimalizia ile meza, na hakudai nyongeza hata ya nauli.

"Mikate yangu yote inakandwa juu ya meza hiyo," akamwambia mwenzake. "Vile vidole vingine tisa navijua tu. Hicho nakipenda. Hicho ndicho nitakachokivisha." Akanigeukia. "Fundi, yangu iwe nyembamba. Yake iwe pana, ishike."

Shangazi akashtuka. Nyembamba kama uzi? Watu watasema nini? Binti akamjibu kwa heshima zote kwamba wacha waseme.

Sikuwaficha ugumu wake. Pete hushikiliwa na kifundo cha kidole, na kifundo ndicho alichokichukua msumeno. Shaba ya kwanza ilidondoka siku ile ile kwenye vumbi la mbao, akaitafuta kwa chekecheke hadi jioni. Ya pili niliibana mno, kidole kikavimba. Ya tatu ilikaa siku mbili, siku ya tatu akaikuta kwenye bakuli la mboga. Kila mara alirudi bila kulalamika, na kila mara mkono ulifika dukani ukiwa mfukoni. Harusi ilikuwa imebaki majuma matatu, na mimi, ninayewacheka wenzangu, nilikuwa nimeishiwa mbinu.

Safari iliyofuata alileta kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa kidole chake. Alikuwa amekichonga kwa kipande cha mti mgumu, kipimo kwa kipimo, na mikunjo yake na kovu lake.

"Nakupotezea muda, fundi," akasema. "Kifanyie kazi hiki."

Nilikigeuza chini ya taa. Upande wa chini palikuwa na uvimbe mdogo ambao shada langu la pete lisingeniambia habari zake hata mwaka mzima. Basi pete ikichimbwa kidogo kwa ndani, ule uvimbe utaingia mle na kutulia, kama kifuniko na chungu chake. Nimewajua mafundi wengi, na wapo niliowaonea wivu. Lakini sijamwona mwingine aliyelitazama jeraha lake mwenyewe kwa utulivu namna ile, akalichonga bila kulipunguza wala kulipamba. Nilimwambia hivyo. Akasema mti ulikuwa mzuri.

Shaba ya nne ilikaa. Siku ya nane alirudi akiwa nayo, na mkono ulikuwa nje ya mfuko. Kazini aliivua, kama nilivyomsisitiza, akaitundika msumarini kabla ya kuwasha msumeno, maana seremala mwenye pete kwenye mashine anatafuta balaa la pili. Kwingine kote alikuwa nayo. Nikawasha moto nikafua dhahabu: gramu mbili za binti, gramu nne za kwake.

Harusini mimi huwa siendi. Nikienda kila ninapoalikwa nitafunga duka. Hii nilikwenda, na niseme ukweli, nilikuwa na koleo ndogo mfukoni mwa koti. Nilikaa na shangazi safu ya pili kutoka mbele. Binti akaishika ile pete pana, akaisukuma, akaizungusha kidogo kama nilivyomfundisha, hadi ikatulia. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama kidole, kama alivyosema seremala. Mwenyewe akauinua mkono, akaugeuza chini. Haikudondoka.

Mpiga picha akawaita kwenye mwanga, akawaambia waweke mikono pamoja. Kwa nia njema tu, akaomba wa bibi harusi uwe juu, ufunike ule mwingine, picha itoke vizuri.

"Hapana," seremala akasema, akauweka wake juu.

Shangazi aliniinamia sikioni, machozi yanamtoka, wala hayafuti.

"Chanda chema, fundi," akasema.

Nikaiachia ile koleo mfukoni, nikapiga makofi pamoja na wengine.